Ina Bluetooth, lakini ya toleo gani?

Makongolosi ni mji unaopima kabla ya kulipa. Katika mji huu wa Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, dhahabu haiuzwi kwa sifa za mdomo. Mawe hupita kwenye karasha, mchanga huoshwa mwaloni, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hupelekwa plant kuchenjuliwa, na tangu masoko ya madini yaanzishwe nchini mwaka 2019, mzigo hupimwa uzito na usafi wake kabla bei haijatajwa. Ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambamo Makongolosi imo, umeishi na mizani tangu dhahabu ilipogunduliwa huku katika miaka ya 1920.

Kwenye duka la kompyuta, utaratibu huo huachwa mlangoni.

Mteja huuliza kama mashine ina Bluetooth. Muuzaji hujibu kwamba ipo. Mteja huona alama ya buluu kwenye kona ya skrini, anaridhika, analipa. Wiki ikipita, amenunua kipima presha kinachotuma vipimo bila waya, au amefungiwa betri ya lithiamu ya sola yenye programu ya kuangalia chaji, na kompyuta haikioni kifaa hicho kabisa. Simu ya jirani inakiona papo hapo. Mteja anadhani ameuziwa kifaa kibovu, fundi anadhani tatizo ni draiva, na nusu siku inapotea kwenye kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukitengeneza kwa programu.

Ukweli ni kwamba jina la Bluetooth limebeba redio mbili tofauti. Moja ni ile ya zamani, inayopeleka muziki kwenye spika na picha kutoka simu hadi simu. Nyingine ni Bluetooth ya nishati ndogo, iliyobuniwa kwa vifaa vidogo vinavyopaswa kuishi miezi au hata miaka kwa betri moja ya duara ya CR2032. Kompyuta inaweza kuwa na ya kwanza na ikakosa ya pili, na alama ya buluu kwenye skrini haisemi lolote kuhusu tofauti hiyo.

Redio mbili, jina moja

Bluetooth ya kwanza ilizaliwa katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mwaka 1994, kwa lengo la kuondoa nyaya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba waliunda umoja wa kuisimamia. Kwa kazi ya wakati huo ilitosha, lakini ilikuwa na njaa ya umeme: vifaa viwili vikishaungana, redio zao huendelea kuwasiliana mara kwa mara hata pale ambapo hakuna kikubwa cha kusema.

Nokia iliona kwamba saa ya mkononi au kipima mapigo ya moyo kisingeweza kubeba mzigo huo. Oktoba 2006 ikatangaza teknolojia yake ya nishati ndogo iliyoitwa Wibree. Mwaka uliofuata teknolojia hiyo ilikabidhiwa kwa umoja wa Bluetooth, na mwaka 2010 ikaingizwa rasmi katika toleo la 4.0. Hapo ndipo mpaka ulipowekwa. Chini ya 4.0 hakuna nishati ndogo, hata mashine iwe nzuri kiasi gani.

Zote mbili hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, lakini huyagawa kwa namna tofauti. Ya zamani ina njia 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 1. Ya nishati ndogo ina njia 40 za megahezi 2, na kati ya hizo njia 3 zimetengwa kwa ajili ya kujitangaza. Njia hizo tatu ziko kwenye megahezi 2402, 2426 na 2480, mahali palipochaguliwa ili kukwepa kelele za njia za Wi-Fi zinazotumika zaidi, yaani namba 1, 6 na 11.

Kifaa cha nishati ndogo hulala muda mwingi. Huamka, hutoa tangazo fupi kwenye njia hizo tatu, kisha hulala tena. Muda kati ya tangazo moja na jingine unaweza kuwa milisekunde 20, na unaweza kufika zaidi ya sekunde 10, kadiri mtengenezaji alivyopanga. Betri hudumu kwa sababu ya usingizi huo.

Chipu ya zamani haikuundwa kusikia tangazo la namna hiyo. Mpangilio wa njia ni mwingine, na hata namna ya kuchezesha mawimbi ili yabebe data ni nyingine. Ndiyo maana kubadilisha draiva, kusasisha Windows au kupiga programu upya hakuwezi kuipa kompyuta ya toleo la 3.0 uwezo wa nishati ndogo. Kinachokosekana ni chuma.

Mwaka 2011 unaochanganya wengi

Suala hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama kila mtu angenunua kompyuta mpya. Lakini katika maduka ya Mbeya, Iringa na Kariakoo, kompyuta iliyotumika ndiyo inayomfungulia mlango mwalimu, mwanafunzi, mwenye steshenari na karani wa mgodi mdogo. Ni mashine imara zilizotoka maofisini ng'ambo, na nyingi zina miaka mingi ya kazi mbele yake. Tatizo ni kwamba baadhi zilitoka kiwandani kabla ya mpaka ule wa 4.0, na nyingine baada yake, huku kwa macho zikifanana kama mapacha.

Mfano ulio wazi ni Dell Latitude. Modeli ya E6420 ya mwaka 2011 ilitoka na kadi ya Bluetooth iitwayo Dell Wireless 375, ambayo ni toleo la 3.0. Mrithi wake, E6430 wa mwaka 2012, alikuja na Dell Wireless 380 ya toleo la 4.0. Tofauti ya jina ni tarakimu moja. Vivyo hivyo kwa Lenovo: ThinkPad T420 ya mwaka 2011 ina Bluetooth 3.0, na T430 ya mwaka uliofuata ina 4.0. Upande wa kadi za Intel, Centrino Advanced-N 6230 ni ya 3.0, wakati 6235 ni ya 4.0. Apple iliwahi mapema zaidi, kwani MacBook Air na Mac mini za katikati ya mwaka 2011 tayari zilikuwa na 4.0.

Hata hivyo, modeli peke yake haimalizi ubishi. Katika mashine nyingi za ofisi, Bluetooth iliwekwa kwa hiari ya aliyeagiza, na kampuni iliyonunua mashine 500 kwa mkupuo ingeweza kuiacha ili kupunguza gharama. Kadi pia hubadilishwa. Mashine inaweza kufunguliwa mara kadhaa kabla ya kufika Tanzania, na fundi akiikuta na kadi mbovu, huweka aliyonayo mkononi. Kompyuta za mezani ni suala jingine kabisa: nyingi za ofisi za miaka hiyo hazikuwekewa Bluetooth ya aina yoyote.

Kwa hiyo kinachotakiwa kusomwa ni kadi yenyewe iliyomo ndani ya mashine ile iliyoko juu ya kaunta.

Namba iliyofichwa kwenye kichupo

Watanzania wameshajifunza kusoma namba ya kifaa kabla ya kulipa. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia, nchi nzima ilijua kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI kwenda 15090. Kompyuta nayo ina namba yake, na kuipata hakuhitaji intaneti wala programu ya kununua.

Kwenye Windows 10 au 11, mnunuzi hubofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, kisha huchagua Device Manager. Orodha ndefu ya vipande vya mashine hufunguka. Katika orodha hiyo hutafuta neno Bluetooth na kulifungua. Chini yake hujitokeza mistari kadhaa, na unaotafutwa ni ule wenye jina la mtengenezaji wa chipu, kama Intel, Broadcom, Qualcomm au Realtek. Ukibofywa mara mbili, dirisha dogo hufunguka likiwa na vichupo juu. Kichupo cha Advanced ndicho chenye jibu: mstari wenye herufi HCI zikifuatiwa na namba, kisha herufi LMP na namba nyingine.

Namba ya kutazama ni ile inayofuata LMP, kabla ya nukta. Ikiwa 3, kadi ni toleo la 2.0. Ikiwa 4, ni 2.1. Ikiwa 5, ni 3.0, na hapo hakuna nishati ndogo. Ikiwa 6, mpaka umevukwa na kadi ni ya 4.0. Baada ya hapo 7 ni 4.1, 8 ni 4.2, 9 ni 5.0, 10 ni 5.1, 11 ni 5.2, 12 ni 5.3 na 13 ni 5.4. Anayetaka kukumbuka kitu kimoja tu akumbuke sita.

Mkaguzi makini haishii hapo, kwa sababu kanuni za toleo la 4.0 hazikumlazimisha kila mtengenezaji kuweka redio ya nishati ndogo. Uthibitisho wa pili uko dirisha lile lile, kichupo cha Details. Kuna kisanduku chenye mshale. Kikifunguliwa hutoa orodha ya sifa za kadi, na mojawapo hutaja kwamba redio inamudu nafasi ya Low Energy Central, yaani uwezo wa kompyuta kuviita na kuvisimamia vifaa vya nishati ndogo. Jibu likiwa True, kazi imekwisha. Dalili nyingine ni kuwepo kwa mstari wa Microsoft Bluetooth LE Enumerator katika orodha ile ya kwanza.

Kama neno Bluetooth halionekani popote kwenye orodha, isichukuliwe haraka kwamba kadi haipo. Huenda draiva haijawekwa, na hapo kifaa hujificha chini ya Other devices kikiwa na alama ya mshangao ya njano. Huenda pia imezimwa kwenye BIOS, au kwa swichi ndogo ya pembeni iliyowekwa kwenye baadhi ya ThinkPad na Latitude za zamani kwa ajili ya kuzima redio zote. Muuzaji aombwe aiwashe kabla ya kuzungumza bei.

Wanaotumia Linux, kama Ubuntu, huandika amri ya btmgmt info kwenye terminal. Majibu huja na orodha ya uwezo wa kadi, na herufi mbili za le zikiwemo katika mstari wa supported settings, redio ya nishati ndogo ipo. Kwenye Mac, ripoti ya mfumo ina ukurasa wa Bluetooth, na kwenye macOS za zamani ukurasa huo hutamka wazi kama nishati ndogo inakubaliwa au la.

Chuma kipo, programu inagoma

Upo mtego wa upande wa pili: kadi ni nzuri, lakini mfumo wa uendeshaji hauielewi. Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, haikuwa na uwezo wa asili wa kuzungumza na vifaa vya nishati ndogo. Uwezo huo ulianzia Windows 8 mwaka 2012. ThinkPad T430 ikiwa na Windows 7 itashindwa kazi ambayo chipu yake inaiweza, na hapo dawa ni kubadilisha mfumo, si mashine. Kwa simu, Android ilipata uwezo huo rasmi kwenye toleo la 4.3 la mwaka 2013, na iPhone ya kwanza kuwa nao ilikuwa 4S ya mwaka 2011.

Programu ya kifaa chenyewe nayo ina masharti yake. Kampuni ya Victron ya Uholanzi hutengeneza vidhibiti vya sola. Vile vya SmartSolar vina Bluetooth ndani, na mwenye kidhibiti husoma volti na chaji kupitia programu ya VictronConnect. Kwa miaka mingi toleo la programu hiyo kwa ajili ya Windows halikufanya kazi kwa Bluetooth, bali kwa waya wa USB, ingawa kwenye simu za Android mambo yalikwenda vizuri. Mwenye sola asiyejua hilo anaweza kuilaumu kompyuta isiyo na kosa.

Wanafunzi wa uhandisi, kama wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya pale Iyunga, hukutana na jambo hili kwenye vipande vya bei nafuu. Moduli ya HC-05, inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka ya elektroniki, ni Bluetooth ya zamani, na huonekana kwenye kompyuta kama mlango wa mawasiliano wa kawaida. HM-10, inayokaribia kufanana nayo kwa umbo, ni ya nishati ndogo, na haiwezi kuonekana kwa njia hiyo. Bodi ya ESP32 kutoka Espressif ya Shanghai ilikuja mwaka 2016 ikiwa na redio zote mbili. Mwanafunzi anayebuni kipima joto cha ghala la tumbaku hana budi kujua ni ipi kompyuta yake inaiweza kabla ya kununua kipande cha kwanza.

Kuna pia kifaa ambacho walimu wengi tayari wanacho mkononi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022 vilipelekwa baadaye kwa walimu. Mwalimu mwenye kompyuta ya zamani anaweza kukagua vifaa vyake kwa kishikwambi hicho akitumia nRF Connect, programu ya bure ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway. Ikifunguliwa na kuanza kutafuta, huorodhesha kila kifaa cha nishati ndogo kilicho jirani pamoja na nguvu ya mawimbi yake. Kinachoonekana kwenye kishikwambi na kukosekana kwenye kompyuta kimeshaonyesha tatizo liko wapi.

Dawa ya bei ndogo na mitego yake

Aliyekwisha kununua mashine ya LMP 5 hahitaji kuitupa. Adapta ndogo ya USB yenye Bluetooth 4.0 au zaidi humaliza kazi, na haizidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kabla ya kuichomeka, kadi ya ndani izimwe kwenye Device Manager, kwa sababu Windows hutumia redio moja tu ya Bluetooth kwa wakati mmoja na ikikuta mbili huleta mkanganyiko.

Adapta nazo hughushiwa. Chipu iliyojulikana sana katika kundi hili ni CSR8510, kazi ya kampuni ya CSR ya Cambridge, Uingereza, iliyonunuliwa na Qualcomm mwaka 2015. Bandia zake zimeenea duniani kiasi kwamba watengenezaji wa Linux walilazimika kuingiza marekebisho maalumu ndani ya mfumo wao ili ziweze kufanya kazi. Kichupo kile kile cha Advanced husaidia kuzibaini: CSR8510 halisi hujitambulisha kwa LMP 6.8891. Namba ikiwa nyingine, kilicho ndani si kile kilichoandikwa kwenye pakiti.

Njia ya pili ni kubadilisha kadi ya Wi-Fi na Bluetooth ndani ya mashine. Kwa mashine nyingi za miaka ya karibuni ni kazi nyepesi. Kwa ThinkPad za kizazi cha T420 na T430, BIOS ina orodha ya kadi inazozikubali, na ikikuta ngeni husimama na kosa namba 1802 kabla hata Windows haijawaka. Fundi mwadilifu humweleza mteja hilo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Gharama ya kukosea hutegemea umbali. Mkazi wa Mwanjelwa, mjini Mbeya, hurudisha mashine mchana ule ule. Kutoka Makongolosi hadi Chunya mjini ni kilomita 39, na kutoka Chunya kuvuka milima hadi Mbeya ni kama 72 nyingine. Lami imeifanya safari iwe nyepesi, lakini nauli na siku ya kazi bado vinatoka mfukoni mwa mnunuzi. Aliyeagiza Kariakoo na kuletewa mzigo kwa basi ana nafasi finyu zaidi ya kudai haki yake.

Haki hiyo ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Lakini madai huhitaji ushahidi, na neno “ipo” lililosemwa kaunta halina maandishi. Anayenunua kutoka mbali anaweza kuomba picha ya kichupo cha Advanced itumwe kwa WhatsApp kabla hajatuma fedha kwa simu, kisha namba ya LMP iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya utambulisho ya mashine, ili itakayopakiwa kwenye basi iwe ile ile iliyopigwa picha. Muuzaji anaweza kurahisisha zaidi kwa kubandika karatasi ndogo kwenye kava la kila mashine: modeli, kadi iliyomo, LMP yake, na Windows iliyowekwa.